Maswali ya Wasomaji: Ufunguo wa Karakana ya Chuo Ashike Nani?

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu mwezi huu zinahusu karakana za pamoja vyuoni, yaani vile vyumba vyenye vifaa na mashine ambamo mwanafunzi wa idara yoyote, mhadhiri, karani au mtunza bustani anaweza kuingia, akafundishwa, kisha akatengeneza kwa mikono yake kitu anachokihitaji. Nimechagua barua tano, nne za huku kwetu Malindi na Lamu mjini, na moja ya kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, ambayo nimeisoma mara tatu.

*Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni fundisanifu wa maabara katika kampasi moja hapa Malindi. Chuo kimetupa chumba kilichokuwa stoo ya viti, pamoja na fedha za kuanzia ambazo si nyingi. Kamati yetu imegawanyika: vijana wanataka printa mbili za 3D na mashine ya kukata kwa leza, na sisi wa makamo tunataka meza, jiriwa na misumeno. Tuanze na kipi? – Fundisanifu, Malindi*

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Umeuliza juu ya vifaa, lakini kabla ya vifaa naiomba kamati yenu ikubaliane juu ya jambo ambalo barua yako haikuligusa: ni nani atakayekuwa ndani ya chumba hicho siku ya Jumanne saa kumi jioni, mlango ukiwa wazi? Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenda kuitazama karakana ya chuo kimoja, nacho sitakitaja jina. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa amefundishwa kuitumia mashine yao ya leza, naye alikuwa amekwisha kuhamia kazi nyingine; ufunguo wa chumba ulikuwa katika mtoto wa meza ya afisa aliyekuwa safarini. Tulingoja karibu saa nzima, hatimaye tukaitazama mashine ile kupitia dirishani, ikiwa bado imevikwa nailoni iliyotoka nayo kiwandani. Niliumia sana siku ile, kwa kuwa wanafunzi waliokuwa wamenipokea walikuwa na michoro yao mikononi.

Kwa hiyo fungu la kwanza la fedha zenu liwe la mtu: msimamizi mwenye saa za kazi zinazojulikana, na posho ndogo kwa wanafunzi sita au wanane watakaofundishwa vizuri na kupokezana zamu. Jambo hili limekwisha kujaribiwa kwingine. Chuo cha Georgia Tech kilichoko Atlanta, Marekani, kina karakana iitwayo Invention Studio, iliyoanza mwaka 2009, ambayo kazi zake za kila siku zinaendeshwa na wanafunzi wenyewe kwa kujitolea. Nanyi mwanafunzi wa zamu mpeni ufunguo, na mpeni pia mamlaka ya kumzuia mtu yeyote, hata mkuu wa idara, anayetaka kuwasha mashine ambayo hajafundishwa kuitumia. Mkishindwa kumpa kijana mamlaka hayo, basi hata ufunguo mtamnyang'anya siku ya pili.

Sasa nije kwenye vifaa. Katika ugomvi wenu kila upande una haki yake, ila nyinyi wa makamo ndio mtangulie. Nunueni meza nzito zisizoyumba, jiriwa mbili, misumeno ya mbao na ya chuma, randa, patasi, tupa, keekee ya umeme, kalipa za kupimia, mita ya umeme na vyuma vya kulehemu. Na tafadhali msiisahau cherehani. Sijui kwa nini kamati nyingi huiona cherehani kuwa kitu cha nyumbani, ilhali mshono wa begi, wa tanga, wa aproni ya maabara na wa mkanda wa kubebea mgonjwa wote unapita chini ya sindano ile ile. Tena mji huu una mafundi cherehani wenye ujuzi ambao wanafunzi wenu hawajawahi kupewa nafasi ya kukaa nao.

Baada ya hapo vijana wapewe printa zao mbili, zile zinazoyeyusha uzi wa plastiki na kukijenga kitu tabaka juu ya tabaka. Watafuteni zilizo ndogo na za aina moja, ili moja ikiharibika vipuri vyake viisaidie nyingine. Printa hizi zimekuwa rahisi kwa sababu zinazojulikana. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap wa kuunda printa inayoweza kuchapa sehemu kubwa ya vipuri vyake yenyewe, na michoro yake ikaachwa wazi kwa kila mtu. Kisha mwaka 2009 hataza ya msingi, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, iliyokuwa ikizuia wengine kuuza mashine za namna hiyo ikaisha muda wake. Mwaka huo huo wa 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, ndipo ilipozaliwa Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki ya kuongozea vifaa, iliyobuniwa makusudi kwa ajili ya wanafunzi wasiokuwa wahandisi. Vitu hivi viwili vinaelekea vizuri na chumba kama chenu.

Leza nashauri isubiri mwaka mmoja. Inahitaji bomba la kutolea moshi nje, inahitaji kizima moto na mtu asiyeondoka karibu nayo hata dakika moja inapokata, kwa sababu mbao nyembamba na plastiki hushika moto kwa wepesi. Tena yupo mwanafunzi atakayekuja na kipande cha bomba la maji au cha ngozi ya bandia akitaka kukikata. Vitu hivyo mara nyingi ni plastiki ya aina ya PVC, nayo ikichomwa na leza hutoa gesi yenye asidi inayodhuru mapafu na kuila mashine yenyewe. Bila msimamizi anayejua kutofautisha plastiki na plastiki, leza ni hatari iliyonunuliwa kwa bei kubwa.

Yapo pia mambo ya Pwani ambayo kitabu cha mashine hakitawaambieni. Uzi wa plastiki unaotumiwa na printa hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu hapa kwetu mara nyingi huzidi asilimia 70. Uzi uliolowa hutatarika unapopita kwenye mdomo wa moto, kama chumvi iliyotupwa kwenye makaa, na kitu kinachochapwa hutoka na vinyweleo. Uhifadhini katika ndoo zenye vifuniko vinavyobana, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, ambavyo vinaweza kukaushwa kwa joto na kutumiwa tena. Chuma chochote kisichopakwa mafuta kitaota kutu kwa hewa ya chumvi, kwa hivyo zamu ya kila Alhamisi iwe ya kufuta na kupaka mafuta. Ile plastiki ya kawaida iitwayo PLA, ambayo hutengenezwa kwa wanga wa mahindi au kwa miwa, huanza kulegea ikifika nyuzi 60 za Selsiasi. Kitu kilichochapwa kwayo kikiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani Malindi saa saba mchana, mwenyewe atakikuta kimejipinda. Kwa vitu vya kukaa juani tumieni plastiki iitwayo PETG, inayostahimili hadi karibu nyuzi 80. Na kwa kuwa kazi moja ya printa huweza kuchukua saa nane, kifaa cha UPS, chenye betri ya kushikilia umeme unapokatika, si anasa, maana umeme ukikatika hata kwa dakika moja kazi ya siku nzima huweza kupotea.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa barua ambao sikuuchapa, kama wafanyakazi wa ngazi ya chini waruhusiwe. Nitakujibu kwa nililoliona. Katika karakana moja niliyokaa asubuhi nzima, mama mmoja wa usafi aliingia na ndoo yake ya kupigia deki, ile yenye magurudumu, gurudumu moja likiwa limevunjika. Alikuwa akiiburura ghorofani kwa wiki mbili. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akalipima gurudumu zima kwa kalipa, akachora, akachapa. Likawekwa, na kabla ya adhuhuri likapasuka katikati, kama muwa uliokatwa kwenye fundo. Kijana alikitazama kile kipande kwa muda mrefu, akauona mstari ulionyooka kabisa: lilikuwa limepasuka kati ya tabaka na tabaka, kwa sababu alilichapa likiwa limesimama, na uzito wa ndoo ukawa unazivuta tabaka ziachane. La pili alilichapa likiwa limelala, akaongeza unene wa ukuta. Mama akaisukuma ndoo mpaka mlangoni na kurudi, akacheka, akauliza kama wanaweza kumtengenezea na mpini wa jiko la makaa. Aliambiwa hapana, plastiki ile itayeyuka, na wakaenda wote wawili kutafuta mti. Mwanafunzi yule alijifunza juu ya nguvu ya plastiki mambo ambayo mhadhara wa saa mbili usingemfundisha, na aliyemletea somo alikuwa mama wa usafi. Mruhusuni kila mfanyakazi.

*Mwalimu, shikamoo. Ninasoma mwaka wa kwanza hapa Lamu. Nilikwenda kwenye karakana ya chuo nikataka kufundishwa mashine ya kutoboa, lakini nikaambiwa buibui na ushungi wangu ni hatari, basi nikarudi. Baba yangu naye hataki nibaki huko usiku. Nifanyeje? – Binti wa Langoni*

Marahaba, mwanangu. Aliyekuambia kuwa nguo pana ni hatari karibu na mashine inayozunguka hakukudanganya, ila alikosea alipoishia hapo akakuacha urudi. Ngoja nikueleze ukubwa wa hatari yenyewe. Mwezi wa Aprili mwaka 2011, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, mwanafunzi wa kike aliyekuwa amebakisha wiki chache ahitimu alikuwa akifanya kazi usiku kwenye mashine ya kukereza. Nywele zake zikanaswa, naye akafariki. Alikuwa peke yake. Hakukuwa na mkono wa pili wa kuizima mashine.

Kutokana na habari kama hiyo, karakana hujifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba hakuna kinachoninginia mbele ya kitu kinachozunguka, na sheria hiyo ni ya kila mtu: nywele ndefu, tai ya mhadhiri, mikono ya kanzu, mkufu, na ile kamba ya kitambulisho ambayo wafanyakazi wote huitundika shingoni na hakuna anayeikumbuka. Hata glavu hazivaliwi kwenye mashine ya kutoboa au ya kukereza, jambo ambalo huwashangaza wengi, kwa kuwa glavu ikishikwa huuvuta mkono mzima. Basi kama msimamizi anakukataza ushungi huku yeye mwenyewe ana kamba shingoni, mwambie kwa adabu, na asome tena sheria za chumba chake.

Dawa ya hilo ni rahisi na ya gharama ndogo. Vaa ushungi mfupi wa kitambaa kinachobana, wa kuvuta kichwani usio na pini, na ncha zake zitiwe ndani ya aproni iliyofungwa nyuma. Mikono ya nguo ya ndani iwe yenye lastiki kwenye vifundo vya mikono au ikunjwe na kubanwa. Miwani ya kinga uivae juu ya hayo yote. Karakana yenye cherehani inaweza kushona aproni na shungi kumi za namna hiyo kwa siku mbili, zikakaa ukutani kwenye misumari, zikawa mali ya chumba kama nyundo zilivyo mali ya chumba. Waambie wenzako wa kike muifanye iwe kazi yenu ya kwanza humo ndani.

La pili ni kutofanya kazi peke yako. Karakana nyingi zina sheria kwamba mashine kubwa haziwashwi mpaka wawepo watu wawili, mmoja akiwa amesimama mahali anapofikia swichi ya kuzimia. Utaona kwamba baba yako na kanuni za karakana wako upande mmoja. Usibishane naye. Mweleze kwamba utakwenda saa za mchana pamoja na mwenzako, umwombe msimamizi jioni moja kwa wiki iwe chini ya uangalizi wa mwanafunzi wa kike aliyefuzu, na ikiwezekana mlete mzee wako akaone. Wazazi wengi wa Lamu wametoka katika nyumba za mafundi. Mtu anayeijua patasi hulitazama swali hili kwa jicho jingine akishaingia mle.

*Mwalimu, salamu kutoka Matondoni. Mimi ni fundi wa majahazi, kazi nimeirithi kwa baba yangu na yeye kwa baba yake. Vijana wa chuo walikuja wakakizunguka chombo nilichokuwa nikikiunda wakikipiga picha kwa simu, wakasema kompyuta itatoa umbo lake lote, na kwamba wataniita katika karakana yao. Mimi sikusoma zaidi ya chuoni kwa mwalimu wa Kurani na darasa la saba. Niende? Na wakishachukua elimu yangu, itakuwa ya nani? – Fundi, Matondoni*

Shikamoo mzee wangu, na nashukuru kwamba umetuandikia.

Nenda, lakini nenda kama mwalimu, na ualimu wako ulipwe. Simu za vijana wale zimechukua umbo la nje la chombo chako, na umbo si jambo dogo. Wanaweza kulipunguza, wakalichapa likatoshea kiganjani, wakalitia katika tangi la maji wakaona linavyokata mawimbi. Ila simu haikuona kwa nini ulikwenda mwenyewe kuchagua tawi lililojipinda lenyewe kwa ajili ya taruma, yaani mbavu za ndani za chombo, ukaliacha gogo lililonyooka ambalo lingechongwa kwa msumeno kwa wepesi zaidi. Wewe unajua: mti uliojipinda wenyewe, nyuzi zake zinafuata mpindo, na taruma lake halitapasuka, mti ulionyooka ukikatwa mviringo, nyuzi zinakatika njiani, na pale zinapokatikia ndipo chombo kitakapoachia. Hapo juu nimesimulia habari ya mwanafunzi aliyechapa gurudumu likapasuka kati ya tabaka na tabaka. Ungalikuwepo wewe, mzee, ungaligeuza kile kipande mara moja mkononi ukamwambia amekilaza vibaya. Ni elimu ile ile, na Matondoni mmekuwa nayo kabla ya plastiki kujulikana.

Na haya si ya kuwaza tu, kwa maana Lamu yenyewe imeshayaonyesha. Mwezi wa Septemba mwaka 2018 kilishushwa majini hapa chombo cha Flipflopi, chenye urefu wa mita tisa, kilichoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, na ubavu wake ukavikwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Fundi mkuu wake alikuwa Ali Skanda wa hapa hapa Lamu. Mwanzoni mwa mwaka 2019 chombo hicho kilisafiri mpaka Zanzibar, mwendo wa kilomita kama 500. Mbao zake zilikuwa plastiki iliyoyeyushwa na kumiminwa, lakini walioikata, wakairanda na kuiunga walikuwa mafundi wa majahazi, kwa vifaa vyao na kwa jicho lao. Wangengojewa wahandisi peke yao, sidhani kama kingeelea.

Kuhusu elimu yako kuwa ya nani, usilichukulie swali hili kuwa la aibu au la tamaa. Ni swali la haki na sheria inalijua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016, inayotambua kwamba maarifa yaliyorithishwa kizazi kwa kizazi ni ya jamii iliyoyahifadhi, na kwamba mwenye kutaka kuyatumia nje ya desturi yake sharti kwanza aombe ridhaa. Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza, waombe vijana waandike karatasi moja kwa Kiswahili ambamo mtakubaliana: watayafanyia nini yale waliyoyapima, jina lako na la Matondoni litawekwa wapi, utalipwa kiasi gani kwa siku, na wakiuza chochote kilichotokana na kipimo hicho mtagawana vipi. Usomewe mbele ya mwanao au mtu mwingine unayemwamini. Kijana mwenye nia njema hataona uzito kuiandika.

Nina ombi moja kwako. Chukua tezo yako. Wengi wa wanafunzi hao hawajawahi kuona bapa la mbao likitoka jembamba kama karatasi kwa kifaa kisichokuwa na waya wa umeme, na ningependa wakuone ukisimama juu ya ubao, miguu wazi, tezo ikishuka kati ya vidole bila hofu. Ila uwakataze kuiga sehemu hiyo mpaka wavae viatu vigumu.

*Mwalimu, nimebuni mbuzi ya kukunia nazi inayozungushwa na mota ya mashine kuukuu ya kufulia. Niliitengeneza katika karakana ya chuo. Rafiki zangu wanasema chuo kinaweza kuidai. Ni kweli? – Mwanafunzi, Malindi*

Inategemea uliandikiana nini na chuo. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, mfanyakazi akivumbua kitu katika kutekeleza kazi aliyoajiriwa kuifanya, haki huwa ya mwajiri isipokuwa mkataba wao useme vinginevyo. Wewe lakini ni mwanafunzi, si mwajiriwa, kwa hiyo la msingi ni sera ya chuo na ile fomu uliyoitia sahihi ulipopewa ruhusa ya kuingia karakanani. Isome leo. Kama haisemi lolote, mwombe msimamizi akuandikie kwamba kazi yako binafsi ni yako. Kwa kamati zote zinazosoma safu hii: liandikeni jambo hili mapema na kwa maneno machache, maana mtu akihofia kunyang'anywa hataleta wazo lake jema mezani, ataleta lile asiloliona kuwa na thamani.

Mbuzi za umeme zimekwisha kuwepo sokoni, kwa hivyo sidhani kwamba utapata hataza ya kifaa kizima, ambayo hudumu miaka 20. Lakini ikiwa ipo sehemu ndani yake uliyoifanya kwa namna ambayo haijapata kufanywa, unaweza kuomba cheti cha modeli ya matumizi, ambacho masharti yake ni mepesi zaidi na hudumu miaka 10. Na kama upya wake uko katika sura, upo usajili wa umbo la bidhaa wa miaka mitano unaoweza kurefushwa hadi 15. Yote hupelekwa katika KIPI, yaani Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, Nairobi. Usiitangaze video yake mitandaoni kabla ya kuomba, kwa sababu katika nchi nyingi kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani hakihesabiwi kuwa kipya.

Picha uliyonitumia inaonyesha kwamba kichwa cha kukunia umekichapa kwa plastiki. Kibadilishe. Katikati ya tabaka za plastiki mna vijitundu visivyoonekana ambamo tui hubaki, likachacha, na hakuna brashi inayofika. Mfuate fundi wa chuma akukereze kichwa cha chuma kisichoshika kutu, kisha uache plastiki kwenye mfuniko wa mota.

*Mimi ni mpishi katika mkahawa wa chuo, Malindi. Karakana yetu iko wazi saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Saa hizo zote niko jikoni. Je, hii ni karakana ya wafanyakazi kweli? – Mpishi*

Kwa saa hizo, dada yangu, hapana. Wewe uko jikoni, mtunza bustani yuko bustanini na mwanafunzi yuko darasani, basi sijui wanaofungua wanamfungulia nani. Waambie wakuu wako kwamba wanaweza kuifunga asubuhi wasipoteze chochote, wakaifungua baada ya sala ya alasiri hadi saa tatu usiku, na Jumamosi kutwa. Mwezi wa Ramadhani saa za jioni zihamishwe zianze baada ya tarawehe, na mlangoni pawe na watu wawili wa zamu. Chuo Kikuu cha Case Western Reserve huko Cleveland, Marekani, kina karakana ya ghorofa saba iitwayo think[box], inayowapokea hata watu wasiokuwa wa chuo bila kiingilio, wakilipia malighafi tu. Nyinyi mna chumba kimoja, lakini bila kufungua saa ambazo watu wamo hamtajua kama kinatosha.

Umesema unataka kutengeneza kigari cha kusukumia sufuria kubwa ya pilau kutoka jikoni hadi ukumbini, kwa kuwa mgongo umeanza kukuuma. Pima kimo cha meko na upana wa mlango, uandike, na upime sufuria ikiwa imejaa, si tupu. Peleka karatasi hiyo kwa msimamizi pamoja na barua yako ya kuomba saa mpya.